Kupiga Kambi Peke Yako Saadani Ardhi Ikiwa Imelowa

Watu wanaosikia kwamba huwa ninakwenda kulala peke yangu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani huniuliza kwanza habari za simba. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu huko mbele, lakini kwa uzoefu wangu anayemharibia mtu safari ya Saadani si simba, ni maji. Hifadhi ile ni tambarare karibu yote, sehemu yake ya pwani imeinuka kidogo tu kutoka usawa wa bahari, na eneo kubwa lina ule udongo mweusi wa mfinyanzi usiokunywa maji haraka. Mvua ya saa moja huweza kuacha madimbwi yanayokaa siku kadhaa, kwa sababu hakuna mteremko wa kuyapeleka popote. Anayejua kuchagua mahali pa kulala katika nchi ya namna hiyo atastarehe, na asiyejua atakesha ndani ya gari akiwa ameikumbatia mikoba yake.

Ninamwandikia mtu wa kwetu, anayeishi Tanga mjini, Pangani, Muheza au hata Bagamoyo, mwenye siku chache za mapumziko, asiye na fedha za hoteli za kitalii, na anayetafuta utulivu zaidi ya msisimko. Saadani inamfaa mtu huyo kwa sababu iko karibu na haina msongamano wa magari ya watalii. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, baada ya kuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, na ina kilomita za mraba zipatazo 1,100. Miongoni mwa hifadhi za taifa za Tanzania Bara, ni hii pekee inayopakana na Bahari ya Hindi. Upande wa kaskazini imemeza iliyokuwa Ranchi ya Mkwaja, ambako ng'ombe walifugwa tangu miaka ya 1950 hadi mwaka 2000, huku wafugaji wakipambana na mbung'o pamoja na migunga iliyokuwa ikivamia malisho. Ninaitaja ranchi hiyo kwa sababu mbung'o na migunga bado wapo, na vyote viwili vinamhusu mtu mwenye hema.

Kuhusu majira, masika yenyewe, yaani Machi hadi Mei, simshauri mtu aliye peke yake ajaribu. Barabara za ndani huwa hazipitiki, na baadhi hufungwa. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huja kwa manyunyu na vipindi vya jua, kwa hiyo mtu mwenye subira anaweza kwenda. Wakati ninaoupenda mimi ni Juni, pale masika yanapokuwa yamekwisha lakini nchi bado imeshiba maji, nyasi ni ndefu, mabwawa yamejaa ndege na wageni ni wachache. Wanaotaka kuona wanyama kwa urahisi huambiwa wangoje kiangazi, wakati wanyama hukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki, na ushauri huo ni sahihi kwa shabaha hiyo. Mwenye shabaha ya kukaa kimya, Juni inamtosha.

Kabla ya kuondoka, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na usiishie kwenye mvua tu, bali tazama pia tahadhari za upepo na mawimbi. Kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei 2024 kilitukumbusha wakazi wa pwani kwamba bahari yetu nayo inaweza kuchafuka vibaya wakati ambapo wengi wanadhani masika yanakaribia kwisha. Jambo jingine ambalo wageni wa Saadani hulisahau ni kwamba anga lililo juu ya kichwa chako halikuambii habari zote. Mto Wami, unaoingia baharini upande wa kusini wa hifadhi, hukusanya maji kutoka mbali, tangu nyanda za Dodoma na milima ya Ukaguru na Nguru. Inaweza kuwa hakuna hata wingu moja Saadani na mto ukapanda usiku kwa mvua iliyonyesha juzi huko bara. Kwa hiyo, kama unakusudia kulala karibu na Wami, uliza mvua ya Morogoro kama unavyouliza mvua ya pwani.

Kutoka Tanga ninapita Pangani, ninavuka mto kwenda Bweni, kisha Mwera, Kipumbwi na Mkwaja. Hali ya njia hii imekuwa ikibadilika kadiri ujenzi wa barabara ya lami ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo unavyosonga, kwa hiyo jibu la mwaka jana halifai mwaka huu. Waulize madereva wa malori na wa mabasi madogo wanaopita huko kila siku, kwa maana wao hawana sababu ya kuipamba barabara. Njia ya kuzunguka kwa barabara kuu ya Segera hadi Chalinze na kukata kushoto Mandera kupitia Miono ni ndefu, lakini kuna majuma ambayo ndiyo ya busara.

Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne, na hata hivyo usiliamini kupita kiasi. Udongo mweusi ukilowa hunata kama bada, ule ugali wa muhogo, hujaza vijia vya tairi mpaka tairi ikawa laini kabisa, na hapo nguvu ya injini hugeuka kuwa nguvu ya kuchimba shimo. Chukua sepetu, kamba imara ya kuvutia, na vipande viwili vya ubao mgumu, kwa sababu jeki ikikanyagishwa kwenye tope bila ubao huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Lililo bora kuliko hayo yote ni kungoja. Mvua ikinyesha alfajiri, usiondoke kambini mpaka jua limepiga saa kadhaa. Mtu aliye peke yake hana wa kumsukuma, wala haruhusiwi kushuka na kutembea ovyo kutafuta msaada katikati ya nyati, kwa hiyo kukwama ambako kwa kundi la watu watano kungekuwa kichekesho, kwake ni siku nzima imepotea.

Sasa hili la kuwa peke yako. Kwetu pwani mtu anayekwenda porini peke yake, hasa akiwa mwanamke kama mimi, hatoki nyumbani bila maswali. Mama mdogo wangu kila ninapokunja hema huniuliza, "Mwanangu, safari hii umegombana na nani?" Hawezi kuamini kwamba hakuna ugomvi. Nimeacha kubishana naye, na badala yake nimempa kazi: ninamwachia karatasi yenye jina la lango ninaloingilia, kambi ninayolala, siku na saa ninayotarajia kupata mtandao tena, na namba ya ofisi ya hifadhi. Tumekubaliana kwamba saa hiyo ikipita bila simu yangu, asinipigie mimi, awapigie wao. Mtandao ndani ya hifadhi ni wa kubahatisha, na ndugu asiye na maelekezo ya namna hiyo atakupigia simu iliyozimika mpaka presha impande. Kumwachia mtu mmoja maelezo kamili kunafaa kuliko kuwaambia watu kumi kwamba "naenda Saadani."

Langoni nako utaulizwa. "Dada, wenzako wako nyuma?" "Niko peke yangu, afande." Hufuata kimya kifupi. Usichukie, wala usijifanye mjuzi. Tumia kimya hicho kuuliza unayotaka kuyajua: tembo walionekana wapi mara ya mwisho, kambi ipi ina maji yaliyotuama, askari wa zamu analala upande gani. Askari wa hifadhi akishaona kwamba unasikiliza, hukueleza mambo ambayo hayajaandikwa kwenye kibao chochote. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali na si kwa fedha taslimu, kwa hiyo yamalize ungali mjini wenye mtandao. Chukua kitambulisho cha taifa ili utozwe kiwango cha raia, na kumbuka kwamba ada ya kuingia huhesabiwa kwa saa 24 na ada ya kupiga kambi ni nyingine. Hesabu saa zako vizuri. Mtu anayeingia saa tatu asubuhi na kutoka saa tano siku ya pili amejiongezea gharama bila sababu.

Ndani ya hifadhi hupigi hema popote upendapo, bali katika maeneo yaliyotengwa. Wengi wakisikia hivyo huona kwamba suala la kuchagua mahali limekwisha, na wanaposhuka garini hulifungua hema hapo hapo liliposimama gari. Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame nami kwa muda, kwa sababu ndani ya eneo moja la kambi panaweza kuwa na hatua thelathini tu kati ya mahali pakavu na mahali patakapokuwa bwawa usiku wa manane. Katika nchi ya milima jicho lenyewe linaona bonde liko wapi. Katika tambarare ya Saadani tofauti ni ya sentimeta chache, na jicho haliioni, kwa hiyo inakupasa kusoma dalili.

Dalili ya kwanza ni mimea. Palipo na ndago na mafunjo, maji hukaa, hata kama leo pamekauka. Mikindu nayo hupenda mguu wake uwe kwenye unyevu. Ni miti mizuri, bibi zetu wamesuka mikeka kwa ukindu wake vizazi na vizazi, lakini usilale chini yake ukidhani umepata kivuli cha bure. Palipo na migunga mingi myembamba iliyosimama kwenye ardhi nyeusi yenye nyufa, jua kwamba ni mfinyanzi mtupu, nao utakapolowa utavimba, nyufa zitazibika, na maji yatabaki juu. Tazama pia mashina ya nyasi: mara nyingi utaona majani makavu na vijiti vimekwama kwa mstari mmoja ulionyooka, kimo cha kifundo cha mguu au zaidi. Huo ni usawa ambao maji yalifika mara ya mwisho. Nyayo za nyati zilizokauka na kuacha mashimo magumu zina maana hiyo hiyo, na matundu ya kaa yana maana kwamba maji ya chumvi hayako mbali.

Dalili ya kinyume ni kichuguu. Mchwa hujenga mahali ambapo nyumba yao haitazama, na katika mbuga zinazofurika vichuguu ndiyo visiwa. Ardhi inayokizunguka kichuguu kikubwa huwa imeinuka kidogo. Usipige hema juu ya kichuguu chenyewe wala kukigusa, kwa maana nyoka nao wanakijua kisiwa hicho, lakini ukiwa mbali nacho kwa hatua kadhaa unaweza kupata ardhi bora kuliko kwingine. Ukishapata mahali panapoonekana panafaa, mwaga kikombe cha maji na utazame yanaelekea wapi, kisha laza chupa iliyokaribia kujaa maji juu ya ardhi na uangalie povu la hewa limesimama upande gani, maana huko ndiko juu. Hapo utajua kichwa chako kikae wapi, na muhimu zaidi, utajua maji ya mvua yatatokea upande upi.

Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, ninapendekeza kambi ya ufukweni. Mchanga hunywa maji, na lile tuta linaloinuka kati ya bahari na mbuga, mara nyingi likiwa na mivinje, ni miongoni mwa ardhi kavu zaidi hifadhini. Nyuma ya tuta hilo huanza bonde la chumvi na tope, kwa hiyo ukanda wenyewe ni mwembamba. Upande wa bahari, tafuta mistari ya mwani uliokauka: wa chini ni wa maji ya jana, na wa juu zaidi, uliopauka, ni wa bamvua, yaani maji makuu ya bahari. Hema likae juu ya huo wa juu, si kati ya miwili. Pwani ya Tanga maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta tatu, na katika ufuo ulio bapa kiasi kile bahari hutembea mbali mno kwa muda mfupi. Mwezi mpya au mwezi mpevu ukikukuta huko, ongeza tahadhari. Kuhusu kutolala chini ya mnazi sidhani kama mtu wa pwani anahitaji kuambiwa, ijapokuwa nimekwisha kuona wageni wakifunga bembea zao baina ya minazi miwili iliyojaa nazi kavu.

Mwezi wa Juni upepo wa kusi huwa umeshika, nao huvuma kutoka kusini mashariki. Mlango wa hema uuelekeze upande wa kaskazini au kaskazini magharibi, na upande mfupi wa hema ndio ukabili upepo. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, ugeuze. Vigingi vya chuma vilivyokuja na hema havishiki kwenye mchanga wala kwenye tope. Katika mchanga, funga kamba kwenye kipande cha ubao au kifuko cha kitambaa kilichojaa mchanga, ukizike kwa kina cha mkono, ukikanyage. Usichimbe mfereji kuzunguka hema. Hifadhi haipendi uharibifu huo, na katika ardhi tambarare mfereji hauna pa kupeleka maji, kwa hiyo unakuwa umejichimbia bwawa lako mwenyewe.

Turubai la kutandika chini ya hema ni jambo dogo ambalo watu wengi hulifanya kinyume. Wanalitandika kubwa, likajitokeza pande zote, wakidhani linalinda zaidi. Ukweli ni kwamba ukingo uliojitokeza hupokea mvua yote inayoteremka kwenye kuta za hema na kuipeleka chini ya mgongo wako. Likunje mpaka liwe dogo kuliko sakafu ya hema kwa vidole vinne kila upande. Turubai la pili lifungwe juu, likiwa limeinama upande mmoja, ili uwe na mahali pa kupikia na kukaa mvua inaponyesha, kwa sababu kukaa ndani ya hema lililofungwa saa nyingi huloanisha kila kitu kwa pumzi yako mwenyewe. Unyevu mwingi unaoukuta asubuhi kwenye dari ya hema haukutoka mbinguni, ulitoka kwako. Acha madirisha ya juu wazi hata kama kunanyesha.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na sheria hiyo inatekelezwa, kwa hiyo ile desturi ya zamani ya kufunga nguo kwenye mifuko ya dukani imekwisha. Badala yake ninatumia ndoo za plastiki za lita 20 zenye vifuniko vya kubana, zile ambazo wapaka rangi huziuza zikiwa tupu. Moja ni ya nguo na shuka, nyingine ni ya chakula. Haziingizi maji, nyani huhangaika kuzifungua, na ukizipindua ni viti. Sijapata mfuko wa dukani wa kambi, hata wa bei kubwa, ulionifaa kuliko ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri.

Godoro la sponji liache nyumbani. Linanyonya maji na halikauki mpaka safari iishe. Mkeka mmoja, jamvi moja na povu lile gumu lisilonyonya maji vinatosha. Usiku wa Juni pwani si wa baridi kali, lakini unyevu hufanya baridi ndogo iingie mifupani, kwa hiyo sweta la sufu kutoka mitumbani litakufaa kuliko blanketi zito la pamba. Tenga seti moja ya nguo za kulalia ambazo hazitoki ndani ya ndoo mpaka jua limezama, na hazivaliwi nje kwa sababu yoyote ile. Asubuhi utavaa tena nguo mbichi za jana, na utaguna, lakini usiku utalala mkavu, na kwa mtu aliye peke yake usingizi ndio unaotunza akili.

Viatu ni buti za mpira kwa mchana na kandambili kwa kambini. Usiingie kwa miguu mitupu katika mabwawa ya maji baridi hata kama yanaonekana masafi, kwa kuwa kichocho kipo katika ukanda wetu, na karibu na Wami kuna mamba, jambo ambalo halina haja ya maelezo. Mbung'o hufuata vitu vinavyotembea na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Vaa rangi ya kaki au ya udongo, funga vioo unapopita vichakani, na usitegemee sana dawa ya kujipaka, kwa sababu mbung'o hawaijali kama mbu wanavyoijali. Kwa mbu, ingia hemani kabla ya magharibi na ukague wavu wa hema kwa tochi. Mvua pia huwatoa siafu. Msafara wao ukielekea kwako, huwezi kuujadili. Kagua ardhi inayokuzunguka jioni, usiache punje ya chakula chini, na kama wameshafika, hamisha hema wewe.

Chakula kisikusumbue. Ninabeba chapati, mayai ya kuchemsha, tende, karanga, mihogo ya kuchemsha na machungwa ya Muheza, na ninapika uji na chai tu. Samaki mkavu ninampenda, lakini harufu yake huita wageni, kwa hiyo humkuti katika ndoo yangu. Kuokota kuni hifadhini hakuruhusiwi, na hata kungeruhusiwa, kuni zilizolowa zingekutoa machozi bila kukupa moto. Chukua jiko dogo la gesi. Maji ya kunywa beba yote, si chini ya lita tano kwa kila siku, maana maji utakayoyaona kila upande ni ya chumvi, ya tope au ya viboko.

Narudi kwa simba. Wapo, si wengi, na katika nyasi ndefu za Juni unaweza kukaa bila kuwaona kabisa. Mnyama wa kumhofia zaidi katika nchi yenye maji ni kiboko, kwa sababu usiku hutoka mtoni kwenda malishoni na hurudi kwa njia ile ile, naye akikuta kitu kati yake na maji hakizunguki. Njia zake huonekana wazi: ni vijia vipana vilivyokanyagwa, mara nyingi vikiwa na mstari wa nyasi katikati ya alama mbili za miguu. Hema lisikae juu ya njia hiyo wala kando yake. Tembo na nyati nao wapewe nafasi yao. Kanuni inayowatosheleza wote ni moja: jua likishazama uko ndani ya hema lililofungwa zipu mpaka juu, na hutoki mpaka kumepambazuka. Kwa haja ndogo uwe na kopo lenye mfuniko. Hakuna aibu, na hakuna wa kukuona. Radi inavunja kanuni hiyo: ikianza kupiga, hama hema uingie garini kwa uangalifu na ufunge vioo, kwa sababu katika tambarare hema na mti uliosimama peke yake ndivyo virefu kuliko vyote vilivyopo.

Usiku wa kwanza ndio mgumu, na ugumu wake ni wa masikio. Anayedhani kwamba utulivu ni kutokuwa na sauti atashangaa, kwani baada ya mvua vyura wa Saadani hupiga kelele kiasi cha kuzuia usingizi, na wakinyamaza ghafla wote kwa pamoja ndipo moyo unapoanza kudunda. Ushauri wangu ni kujifunza sauti hizo kabla ya kwenda. Komba hulia usiku juu ya miti, na wengi wamedhani ni mtoto aliyetupwa, au wamedhani mengine ambayo sitayaandika hapa. Kiboko hukoroma kwa vishindo vifupi vinavyofuatana, na sauti yake husafiri juu ya maji hata ukadhani yuko mlangoni. Fisi huanza chini na kumalizia juu. Mbega hunguruma alfajiri, na ukimsikia ujue kunakaribia kucha. Sauti ikishapata mwenyewe, hofu hupungua kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa akili iliyo peke yake gizani haiwezi kuvumilia sauti isiyo na mwenyewe, itamtunga.

Mchana, usikimbizane na hifadhi nzima. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote kwa mtu anayekwenda peke yake wakati nchi imelowa: ukishapata mahali pakavu, kaa hapo. Kila kilomita unayoendesha ni nafasi nyingine ya kukwama, na katika ardhi bapa yenye nyasi ndefu kuendesha hakukuonyeshi mengi kuliko kukaa. Ukitulia chini ya turubai lako saa mbili bila muziki, kuro na ngiri watapita, tohe atainua kichwa kwenye nyasi, na nyani watakuja kukagua ndoo zako. Ukitaka kutembea, omba askari wa kukusindikiza na ulipie. Kutembea bila yeye hairuhusiwi. Mwombe akupeleke kwenye mabwawa ya chumvi karibu na kijiji cha Saadani, ambako heroe hutua, au kwenye mikoko ya Wami. Yeye huitambua mikoko kwa majina, mchu na mlilana kwa mizizi yao na mkandaa kwa gome lake, na dakika arubaini za maelezo yake zina thamani kuliko siku nzima ya kuzunguka na gari.

Ukilala ufukweni, zima taa. Kasa wa kijani hutaga katika fukwe za hifadhi hii, hasa upande wa Madete, na mwanga mkali humrudisha mama baharini bila kutaga, kisha huwapoteza vifaranga wanaoitafuta bahari kwa kufuata weupe wa upeo wake. Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu inatosha kwa shughuli zote za ndani ya hema.

Siku ya kuondoka, kunja vitu mapema lakini hema liwe la mwisho, ili jua na upepo viliguse walau upande mmoja. Taka zote zirudi nawe ndani ya ndoo iliyokuwa na chakula. Ukifika nyumbani, usingoje kesho: lioshe hema kwa maji baridi kuondoa chumvi na tope, bila sabuni ya unga kwa sababu huondoa kinga ya maji, ulianike kivulini penye upepo mpaka mishono ikauke, kwani mishono ndiyo hukauka mwisho na ndipo ukungu unapoanzia. Sehemu zinazovuja zipake gundi ya kuziba mishono inayofaa kitambaa cha hema lako, uziache zikauke usiku mmoja. Kisha lihifadhi likiwa limelegea ndani ya gunia safi la katani, wala usilishindilie kwenye kile kifuko kidogo lilichokuja nacho. Gari nalo lipeleke likapigwe maji uvunguni siku hiyo hiyo, kwa maana tope lile la chumvi likikaukia kwenye chuma cha chini huanza kukila kabla hujamaliza kumsimulia mama mdogo.